Nyonga za Shaba: shajara ya miezi tisa

14 Januari: Jina la tatizo

Leo tumepata jina. Shaba ana displasia ya nyonga, pande zote mbili, na ya kushoto imeharibika zaidi. Ni mbwa jike wa miaka mitano, chotara wa German Shepherd, ana kilo 38.4. Naanza kuandika leo kwa sababu nilitafuta sana mtu aliyeandika alichofanya wiki kwa wiki, pamoja na alipokosea, nisimpate. Nitaongeza maandishi kila hatua itakapokamilika.

Dalili zilikuwepo muda mrefu, tukazipa maelezo mengine. Akikimbia, miguu ya nyuma ilikanyaga kwa pamoja kama ya sungura. Akikaa, aliitupa upande mmoja badala ya kuikunja chini yake. Akisimama, miguu ya nyuma ilikaribiana mno, na mabega yalijaa huku mapaja yakipungua, kwa sababu uzito wake alikuwa ameshauhamishia mbele. Aliacha kupanda kitandani kwa binti yangu na sisi tukasema amekuwa mtu mzima. Hakulia hata siku moja. Hapo ndipo tulipopotea: tulikuwa tunasubiri alie.

Daktari wa mifugo alitueleza hivi. Nyonga ni tufe ndani ya kikombe: kichwa cha mfupa wa paja kinazunguka ndani ya mfupa wa nyonga. Mbwa wa aina hii huzaliwa nyonga zikiwa sawa. Anapokua, kiungo kinalegea, tufe linacheza pembeni badala ya kutulia katikati, kikombe kinabaki kifupi kama sahani, gegedu linalofunika ncha za mifupa linalika, na mwili unajaribu kukishikilia kiungo kwa kuongeza mfupa kingoni. Urithi una mkono mkubwa, lakini kukua haraka na kunenepa utotoni huzidisha. Shaba alikuwa mtoto mnene. Tuliufurahia unene ule na tulimpiga picha nyingi.

Ili picha ya eksirei itoke vizuri ilibidi alazwe kwa dawa ya usingizi, maana miguu ya nyuma hunyooshwa kabisa na mbwa aliye macho mwenye maumivu hawezi kukubali. Alipimwa damu pia, ini na figo, kabla ya kuanzishiwa dawa ya kutuliza maumivu isiyo na steroidi. Kwa fedha, hii ndiyo siku ghali kuliko zote za mradi mpaka sasa. Anayeanza njia hii atenge fungu la picha na damu kwanza, kabla ya kununua godoro wala virutubisho.

Daktari alisema jambo nililoliandika nyuma ya daftari: wapo mbwa wenye picha mbaya wanaotembea vizuri, na wapo wenye picha ya wastani wanaoteseka, kwa hiyo tutampima Shaba kwa mwendo wake. Tumechagua vipimo vitatu. Kwanza, sekunde anazotumia kuinuka asubuhi, tangu anapoanza kujisukuma hadi miguu yote minne inasimama sawa, kwa video ya simu. Pili, mzunguko wa paja, kwa utepe wa fundi cherehani, kila mara akiwa amesimama na utepe ukipita sehemu ileile. Tatu, idadi ya mara anazohama mahali pa kulala kati ya chakula cha jioni na sisi kulala. Leo: sekunde 11, paja la kushoto sentimita 38, la kulia 40, alihama mara tisa.

22 Januari: Sakafu

Sakafu yetu ni vigae. Kwa mbwa huyu kila kigae ni barafu: mguu ukiteleza nje, nyonga iliyolegea inavutwa hadi mwisho wake, na misuli inakaza kujilinda. Nilitandika mikeka midogo sita kutoka mahali anapolala hadi kwenye bakuli na hadi mlangoni. Siku hiyohiyo mkeka mmoja uliteleza naye. Miguu ya nyuma ilitanuka pande mbili, akabaki ameketi akinitazama, na hakutaka kuinuka mpaka nilipompitishia taulo chini ya tumbo na kumnyanyua.

Mikeka midogo ni hatari kuliko sakafu tupu, kwa sababu mbwa anaiamini. Niliitoa yote, nikaweka zulia moja refu la njia lenye mgongo wa mpira, kipande kimoja bila maungio, likabanwa kingoni kwa utepe wa kunatisha pande mbili. Kipande cha pili nilikiweka mbele ya bakuli la maji, kwani pale ndipo alipokuwa anatanua miguu kila anapoinama.

Kucha pia. Zilikuwa ndefu kiasi cha kugonga sakafu, hivyo nyayo hazikuwa zinashika vizuri. Nilizipunguza kidogokidogo, mara mbili kwa wiki, na kunyoa manyoya yaliyofunika nyayo kwa chini. Hili halikugharimu kitu, na tofauti niliiona kabla ya zulia.

Kitanda: godoro nene la sponji ngumu. La kwanza nililonunua lilikuwa laini mno, alizama hadi sakafuni na kuinuka kukawa kugumu zaidi. Bonyeza kwa goti. Goti likigusa chini, mbwa wa kilo 38 atagusa pia.

5 Februari: Nilimpumzisha mpaka akadhoofika

Kwa wiki tatu nilimpumzisha. Sikuambiwa nifanye hivyo. Nilikuwa nimeziona zile picha, na kila alipopiga hatua niliona mfupa ukisugua mfupa. Nilimtoa nje kujisaidia tu, tukarudi.

Vipimo vya leo: paja la kushoto 37, la kulia 39. Sentimita nzima imepotea kila upande, na kuinuka asubuhi kumefika sekunde 13. Daktari aliniambia kwa upole kwamba nyonga iliyolegea haina kinachoishikilia zaidi ya misuli, na mimi nilikuwa naiondoa. Pumziko linafaa siku mbili tatu baada ya kuumia. Likizidi hapo linakuwa sehemu ya ugonjwa.

Mpango mpya: matembezi matatu kwa siku, dakika nane kila moja, kwa kamba, mwendo wa polepole ambao unamlazimu kukanyaga mguu mmoja mmoja badala ya kurukaruka. Kila wiki tunaongeza dakika moja, mradi asubuhi inayofuata asiwe amekakamaa zaidi ya kawaida. Kipimo kinatazamwa kesho yake. Siku yenyewe mbwa amechangamka, na mchangamko unaficha mengi.

23 Februari: Uzito haukushuka

Tulianza kumpunguza uzito tarehe 2. Leo nimempima: kilo 38.6. Ameongezeka.

Kosa la kwanza lilikuwa kikombe. Nilipima chakula kikavu kwa kikombe kilekile kila siku, nikadhani nina kipimo. Nilipokiweka chakula hicho kwenye mizani ya jikoni, vikombe vitatu nilivyoamini ni sawa vilitofautiana kwa zaidi ya gramu 20. Kwa siku mara mbili, kwa wiki tatu, hiyo ni tofauti kubwa.

Kosa la pili lilichukua muda kugundulika. Mama yangu anaishi nasi, na Shaba hulala mlangoni kwake mchana. Nilimkuta akimpa mabaki ya mezani.

“Mama, huyu tunampunguza.”

“Mwanangu, mnyama hasemi. Yeye ana macho tu, na macho yake yana njaa.”

Sikubishana naye. Mama amelea watoto na wajukuu kwa macho hayohayo, na kumwambia asimpe kitu kiumbe kilicho mbele yake ni kumnyang’anya sehemu yake katika kumtunza. Nilichofanya ni hiki: kila asubuhi chakula chote cha siku kinapimwa kwa gramu na kuwekwa kwenye mtungi mmoja. Chochote Shaba atakachopewa na yeyote, iwe tuzo ya mazoezi au huruma ya mchana, kinatoka humo. Mtungi ukiisha, siku imeisha. Na mtungi unakaa chumbani kwa Mama; yeye ndiye mtunzaji. Nilimpeleka pia kumshika Shaba mbavu. Nilimwambia, “Mama, mbwa mwenye afya ukimpapasa ubavu unahesabu mbavu bila kubonyeza. Jaribu.” Alipapasa, akabonyeza, akanyamaza. Tangu hapo yeye ndiye mkali kuliko sote.

Lengo: kushuka kati ya asilimia 1 na 2 ya uzito kwa wiki, si zaidi, ili tusipoteze misuli pamoja na mafuta. Hatua ya kwanza ni asilimia 6, kwa sababu mbwa wanene wenye baridi yabisi ya viungo waliofuatiliwa katika utafiti, kuchechemea kwao kulianza kupungua walipofika hapo. Kwa Shaba ni kama kilo mbili na robo. Upo pia utafiti mrefu wa Labrador 48, waliogawanywa wawili wawili tangu wakiwa watoto, mmoja akila asilimia 25 pungufu ya mwenzake maisha yote. Waliokula kidogo waliishi karibu miaka miwili zaidi, na maumivu ya viungo yaliwafikia wakiwa wamezeeka zaidi. Niliposoma hilo nilizikumbuka picha zetu za yule mtoto mnene.

10 Machi: Siku nzuri

Naandika hili kwa kirefu kwa sababu ndilo kosa baya kuliko yote.

Tarehe 4 Shaba aliamka vizuri. Sekunde saba. Alitembea dakika kumi na mbili bila kurukaruka hata mara moja, akarudi na kuleta mpira wake miguuni pangu, mpira ambao hakuwa ameugusa tangu mwaka jana. Mkia ulikuwa unapiga ukuta. Nilirusha. Nikarusha tena. Kama mara kumi hivi, na kila mara alikimbia, akakata kona kali, akasimama ghafla kwa miguu ya nyuma. Nilifurahi kiasi cha kutoa machozi.

Usiku hakulala. Asubuhi hakuinuka kabisa. Nilimtoa nje kwa taulo. Alikuwa anapumua kwa kasi na aligeuza kichwa nilipogusa juu ya mkia. Hapo, kwa huruma, nikafanya la pili: nilimpa nusu kidonge zaidi ya kipimo chake, na jioni nusu nyingine. Nilijiambia ni kidogo tu.

Tarehe 6 alitapika mara mbili, akakataa chakula, na kinyesi kilikuwa cheusi kama lami. Weusi ule ni damu iliyosagwa tumboni. Dawa hizi hutuliza maumivu kwa kuzuia kemikali ambazo, mbali na kuleta uvimbe, ndizo pia zinazolinda ukuta wa tumbo na kusaidia damu kufika kwenye figo. Pengo kati ya kipimo kinachosaidia na kinachodhuru ni jembamba. Nilimpigia daktari simu nikamweleza ukweli wote, pamoja na zile nusu mbili. Dawa ikasimamishwa, akapewa ya kulinda tumbo, damu ikapimwa upya. Figo zilikuwa salama. Siku nne alikaa bila kitulizo cha kutosha kwa sababu yangu.

Leo ameanza dawa nyingine ya kundi hilohilo, baada ya siku kadhaa za kusafisha mwili, kwa kipimo kilichokokotolewa kwa uzito wake wa sasa. Ya usiku ni gabapentini, kitulizo cha maumivu cha kundi jingine, kwa makubaliano na daktari. Kanuni zimebandikwa mlangoni pa kabati la dawa: daima pamoja na chakula, kamwe isichanganywe na steroidi wala na dawa nyingine ya kundi hilo, akitapika, akikataa kula, au kinyesi kikiwa cheusi, acha dawa na upige simu kabla ya kufanya lolote, damu ipimwe tena baada ya wiki chache, kisha kila miezi sita.

Na mpira umeondoka nyumbani. Siku nzuri sasa ina kikomo kilekile cha siku mbaya: dakika zilizoandikwa, basi. Dawa inapoondoa maumivu haiondoi ulegevu, na mbwa hajui kuwa anajisikia vizuri kwa sababu ya kidonge. Mimi ndiye ninayepaswa kujua. Gharama: simu moja, ziara mbili, vipimo vya damu mara mbili, na wiki mbili za maendeleo.

30 Machi: Ubao wa kupandia garini

Ukingo wa nyuma ya gari uko sentimita 62 kutoka chini. Nilikuwa namnyanyua, na siku mgongo wangu ulipogoma nikaamua kutengeneza ubao wa mteremko.

Wa kwanza: plaiwudi ya milimita 18, urefu sentimita 110, upana 35. Nilibandika msasa ili asiteleze na kupigilia papi nyembamba kwa kukingama, kama ngazi ya kuku. Haukufaa kwa kila kitu. Urefu ule kwa kimo kile unatoa nyuzi kama 34, mwinuko ambao unamlazimu mbwa kusukuma kwa nyonga kwa nguvu zote. Msasa ulikwangua nyayo. Vidole vilinasa kwenye papi. Na upana ulikuwa mdogo, akawa anatazama chini pembeni huku akitetemeka. Alipanda mara moja nikimvuta, na kesho yake alikimbia alipouona ubao ukutani. Kumvuta ndiko kulikonigharimu siku nyingi zaidi kuliko mbao.

Wa pili: urefu sentimita 190, mteremko wa nyuzi 19; upana 50; vipande viwili vilivyoungwa kwa bawaba ili vikunjike; juu zulia la mpira lililogundishwa lote bila papi; pembeni kingo za sentimita nne ili mguu ujue mwisho ulipo. Chini ya ncha ya juu nilifunga ukanda wa mpira usiteleze kwenye ukingo wa gari. Ulichukua Jumamosi mbili.

Kumfundisha kulichukua siku kumi na mbili. Siku nne ubao ulilala sakafuni na chakula chake cha asubuhi kiliwekwa juu yake. Kisha ncha moja juu ya tofali moja, halafu mawili, halafu kwenye kizingiti cha mlango, halafu gari. Sikumvuta hata mara moja. Siku ya kwanza alipopanda mwenyewe hadi ndani, binti yangu alikaa naye nyuma ya gari lililozimwa nusu saa nzima, hawaendi popote.

Kwa ngazi tatu za mlango wa nyuma nilijenga mteremko wa udongo ulioshindiliwa na kokoto ndogo juu. Kazi ya kawaida, haina la kusimulia.

27 Aprili: Kilo 36.1

Asilimia 6 imefika. Sekunde sita asubuhi, na usiku anahama mara nne. Ni kweli kama walivyosema: kuna kitu kilibadilika karibu na uzito huu. Majuzi alijikuna sikio kwa mguu wa nyuma wa kushoto, jambo ambalo sikumbuki nililiona lini mara ya mwisho. Kilo mbili na kitu ndizo zilizofanya kile ambacho godoro, virutubisho na maombi yangu havikufanya.

Wiki hii shemeji alitutembelea, akamwona Shaba akichechemea kidogo baada ya safari, akatoa vidonge vyake vya ibuprofeni. “Mpe nusu, mimi vinanisaidia goti.” Alikuwa na nia njema kabisa. Ibuprofeni ni sumu kwa mbwa: hutoboa tumbo na kuua figo kwa vipimo ambavyo mtu havimsumbui. Naproksini ni hatari zaidi. Hata parasetamo si ya kutoa kwa kukisia. Nimeongeza mstari kwenye karatasi ya kabatini, kwa herufi kubwa, ili asomaye awe yeyote aliye nyumbani mimi nikiwa sipo.

18 Mei: Mazoezi ya kurudisha paja

Matembezi yamefika dakika kumi na nane, mara tatu. Tumeongeza mazoezi matatu tuliyofundishwa na mtaalamu wa tiba ya viungo vya wanyama, katika vikao viwili tu. Fedha za kikao cha tatu zilikwenda kwenye dawa.

La kwanza ni kukaa na kusimama. Nilianza vibaya: alikuwa anakaa kwa kutupa miguu upande, nami nikamtuza kwa hilo mara thelathini kwa siku, nikawa nafundisha kasoro yenyewe. Mtaalamu alimweka kwenye pembe ya kuta mbili, mguu wa kushoto ukigusa ukuta, hivyo hakuwa na pa kuutupa. Mara tano, pumziko, mara tano. Akianza kupinda, tumeshapita kikomo.

La pili ni fimbo sita za ufagio zilizolazwa chini, umbali wa hatua yake moja kati ya fimbo na fimbo. Anapita polepole akiinua kila mguu kwa zamu yake. Niliziinua sentimita kumi wiki ya kwanza, akaanza kuziruka kama sungura, nikazirudisha chini.

La tatu ni kupanda mteremko mpole kwa mwendo wa taratibu, na kushuka kwa kupinda kushoto na kulia. Kuogelea kungesaidia sana, maji yanabeba uzito huku misuli ikifanya kazi, lakini hatuna maji salama yenye njia ya kuingilia bila kuruka, na kuruka ndani ya maji kungevunja tulichojenga.

Paja la kushoto 38.5, la kulia 40. Tumepita pale tulipoanzia, kwa upande uleule mbovu.

6 Julai: Baridi, mafuta, na kilichoachwa

Asubuhi za baridi zimemrudisha sekunde tisa. Kinachosaidia: taulo la uvuguvugu juu ya nyonga dakika kumi na tano kabla ya kuinuka, kisha dakika mbili za kukunja na kunyoosha mguu pole bila kulazimisha. Joto nalijaribu kwanza kwenye mkono wangu upande wa ndani. Blanketi la umeme sikuliweka. Mbwa asiyeinuka upesi hawezi kukimbia joto likizidi.

Mafuta ya samaki: nilianza na kipimo kamili, akaharisha siku tatu. Nikaacha, nikaanza tena na robo, nikapandisha kwa wiki nne. Sasa anavumilia. Kinachopunguza uvimbe ni EPA na DHA, aina mbili za mafuta ya omega-3, kwa hiyo soma kiasi cha hizo mbili kwenye chupa, usihesabu mililita za mafuta. Usichanganye na mafuta ya ini la chewa, yenye vitamini A na D nyingi ambazo hujikusanya mwilini. Mafuta nayo yana nishati. Nilisahau kuyahesabu, na uzito ukasimama wiki tatu nzima mwezi Juni. Gramu za mtungi zikapunguzwa, ukaendelea kushuka. Leo ni 34.6.

Glukosamini, kirutubisho cha viungo, tulimpa wiki kumi, na hatukuona kipimo hata kimoja kilichosogea kwa sababu yake. Tumeacha. Fedha yake imekwenda kwenye vipimo vya damu.

24 Agosti: Mazungumzo ya upasuaji

Nilitaka kujua tunakataa nini kabla ya kuendelea. Upasuaji mwepesi wa kuelekeza ukuaji wa nyonga hufanywa kwa mtoto wa chini ya takribani miezi mitano, na ule wa kukata na kuzungusha mfupa wa nyonga hufanywa kwa mbwa mchanga ambaye gegedu bado zima. Milango hiyo kwa Shaba ilifungwa kitambo. Mwenye mtoto wa aina kubwa aende kupimwa mapema, akiwa na wiki kumi na sita tayari kuna picha inayoonyesha ulegevu.

Kwa mbwa mzima yapo mawili. Kuondoa kichwa cha mfupa wa paja, ili misuli na kovu vishike nafasi ya kiungo. Hukubali zaidi kwa mbwa wepesi. Au kubadilisha nyonga nzima kwa chuma na plastiki, ambako hurudisha mwendo karibu na wa kawaida, kwa gharama kubwa, kwa miezi ya ulinzi mkali, na kwa hatari ya maambukizi au kiungo kuchomoka.

Tumekubaliana na daktari alama za kurudi kwenye mazungumzo haya: sekunde zikipita kumi kwa wiki mbili mfululizo ilhali dawa inatolewa ipasavyo, au damu ikionyesha figo haziwezi tena na dawa. Zimeandikwa sasa, tukiwa watulivu, kwa sababu siku ikifika nitataka kujidanganya.

12 Oktoba: Tulipo

Kilo 32.8. Sekunde nne. Paja la kushoto 40, la kulia 41. Usiku anahama mara moja, wakati mwingine hahami. Dawa imepunguzwa na daktari hadi kipimo kidogo zaidi kinachotosha; nilipojaribu kwa idhini yake siku tano bila dawa kabisa, sekunde zilipanda hadi nane, tukairudisha. Nyonga hazijapona na hazitapona. Picha mpya inaonyesha mfupa wa kingoni umeongezeka kidogo tangu Januari.

Kazi ya kila siku sasa ni kama dakika 75 za matembezi na mazoezi, mimi na binti yangu tukipokezana, na Mama na mtungi wake. Hilo ndilo linalolipwa kila siku, hata likizo, hata siku ya mvua.

Kinachofuata: damu Novemba, na zulia la njia limeanza kuinuka kwenye pembe moja, nitalibana upya wiki hii.

Leo asubuhi aliamka vizuri sana. Alikwenda kwenye kabati tulikokuwa tunaweka mpira, akanusa chini ya mlango, akanigeukia. Nilimvisha mkanda wa kifua, tukatembea dakika zetu ishirini na tano, polepole, mguu mmoja baada ya mwingine.